Kondoo Hakula kwa Misheck

Jumamosi, 4 Oktoba 1997

Antony amekuja wikendi, ameniletea shajara hii. "Mum, uwe unaandika badala ya kuongea na cherehani." Cherehani yangu haijawahi kulalamika, lakini haya, naandika.

Kwa hivyo: mimi ni Mukami, fundi wa nguo hapa soko la Ishiara. Antony ni mwanangu wa pekee, mwalimu wa sekondari kule Nchiru, Meru, na huko huko amempata msichana anaitwa Gakii. Jumamosi ijayo tunaenda kubisha hodi kwa babake, Mzee Misheck. Mume wangu Njue anafuga nyuki na ndiye mwenye gari, Pijo ya zamani, ile ndefu ya kubeba ukoo mzima. Siku hizi Pijo inanguruma tu-tu-tu kama kinu cha posho. Nimemwambia siwezi kufika kwa wakwe nikitangulizwa na kelele za kinu. Akasema gari ni zima, ni masikio yangu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Njue ametengeneza gari mwenyewe, bila fundi. Kelele imeisha kabisa. Sufuria yangu ndogo imerudi jikoni ikiwa imeganda nta na majivu. Nilipomwuliza, akanijibu, "Mtu aliyeziba mizinga tangu utoto hawezi kushindwa na bomba." Sikuendelea kuuliza. Gari lilikuwa kimya na mimi nilikuwa na gauni la kumalizia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nyuki wamejaa juu ya boneti ya gari. Njue anasema wanamjua bwana wao.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika nikiwa kitandani, kichwa kinanigonga. Wacha nieleze tangu mwanzo.

Jana tulitoka Ishiara jua likiwaka. Njue kwenye usukani, mimi kando yake, nyuma Mzee Nthiga, ambaye ndiye msemaji wetu, na Cucu, yaani mama yake Njue. Huko nyuma kabisa tulipakia mtungi wa asali. Madirisha wazi, tukaimba nyimbo za kanisa hadi Chuka, tukafika Nchiru tukiwa wazima kama nyuki wa Machi.

Tulipokelewa vizuri. Mzee Misheck ni mtu wa maneno machache. Mkewe, Mama Gakii, ni mwanamke mpana mwenye mikono ya kazi, na Antony alikuwa ameshanidokezea kwamba hakuna harusi inayofanywa upande ule bila yeye kushika mwiko. Nikaona kwa nini. Mukimo, njahi, nyama, kuku, chapati laini. Akaonja kila chakula mbele yetu, kama mwenye nyumba anavyotakiwa, ndipo akatupakulia. Nthiga alikula mpaka akasahau hotuba yake. Mimi Gakii nilimpenda palepale: alicheka mzaha wangu kabla sijaumaliza. Antony alibaki Nchiru, sisi tukaondoka saa tisa.

Kufika Nkubu, mvua. Baridi ya Meru si ya kuchezea. Tukafunga madirisha, na Njue, kwa furaha yote, akasema, "Sasa mtaona hita. Gari la mwaka wa sabini na nane, na hita bado inapiga!" Ikapiga kweli. Ndani kukawa na joto tamu na harufu ya asali. Nthiga akalala. Mimi kichwa kikaanza. Kabla ya Chuka Cucu alisema simamisha gari, akatapika, Nthiga akaamka naye akatapika, na Njue akasimama kwenye mvua ameshika mti na kuuambia mti pole.

Leo Cucu ameamka, akakaa, akatoa hukumu: "Tumelishwa."

Nikamwambia Antony alikula chakula kile kile na hana lolote, amepiga simu dukani asubuhi.

"Ii, mwana wakwa. Bwana harusi huwa hawamgusi. Wanamtaka."

"Na Mama Gakii alionja kila kitu."

"Alionja upande wake."

Ningecheka, lakini kichwa kinauma. Na nikiwa mkweli, nilikumbuka jinsi yule mama alivyokuwa akinitazama nikila, nikaogopa kidogo.

Jumatano, 15 Oktoba

Cucu amebeba hukumu yake hadi kisimani, kanisani, na kwa kinyozi. Kwa kinyozi! Hana hata nywele.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua. Redio inasema ni Elinino. Mbuzi wa jirani amekufa, Elinino. Uzi wangu umekatika, Elinino.

Ijumaa, 24 Oktoba

Wateja wananiuliza habari za sumu kabla ya kuniuliza habari za sare za shule. Kila anayesimulia anaongeza. Leo mama mmoja kanihakikishia kwamba tuliletewa nyama ya mamba. Nimemwambia Nchiru hakuna mto wenye mamba. Mamba ni wa hapa kwetu, bwawani Kiambere. Akaniambia basi waliagiza.

Jumamosi, 1 Novemba

Antony ameshuka kwenye basi akiwa amebeba mtungi wa asali. Mtungi wetu. Umejaa hadi juu, hata kifuniko hakijafunguliwa.

Nilijua kabla hajafungua mdomo. Asali ya posa ikirudishwa, hakuna la kutafsiri.

"Mzee Misheck amesema nini?" Njue akauliza.

"Amesema watu ambao walilishwa sumu kwake hawawezi rudi kula kwake tena. Amesema tusisumbuke na barabara." Antony akaketi. Mtoto huyu alikuwa akilia kwa sauti akiwa mdogo, sasa analia bila sauti, na mimi naona ni vibaya zaidi. "Habari imefika mpaka kanisani kwao, Mum. Makanga wa mabasi ndio wameibeba. Gakii haongei na mimi. Ati nimsaidie kujibu watu wanaomwuliza mamake alitia nini kwa njahi."

Cucu alikuwa pale. Akasema, "Mungu amekuepusha."

Antony akainuka akaenda kusimama nje kwenye mvua. Nilitaka kumfuata, nikaishia mlangoni. Nusu yangu ilisema msichana yule ni wangu, nimekwisha kumchagulia hata kitambaa. Nusu nyingine ilikumbuka ule mti wa Chuka. Ulimi hauna mfupa, lakini wa Cucu umevunja nyumba ambayo haijajengwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. Njue anakagua mizinga. Mimi nashona.

Jumanne, 11 Novemba

Njue amempeleka mamake hospitali Embu akapimwe sumu. Daktari hakuona kitu. Huko juu baridi ilikuwa kali, na njiani wakirudi Cucu alishikwa tena na kichwa na kichefuchefu. Sasa amepata elimu mpya: sumu ya Kimeru hulala kwenye joto, ikisikia baridi inaamka. Kwa hivyo hapa Ishiara hataugua kamwe, ila akipanda milimani. Ameieleza vizuri hata mimi nikaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 23 Novemba

Nimeacha kupika ili niandike hili.

Leo ilikuwa harambee ya kanisa Runyenjes. Sisi tulitoa kondoo dume, mnene, wa kupigwa mnada. Njue akamfunga miguu akamlaza nyuma kabisa ya gari, tukapanda, mimi, Njue na Cucu. Huku chini tulikuwa na madirisha wazi. Tulipoanza kupanda mlima mvua ikamwagika, tukafunga, na Njue akawasha hita yake. Harufu ya asali ikaja. Nikafikiri, asali gani? Leo hatukubeba asali. Lakini kichwa kilikuwa kimeshaanza na sikuifuata ile fikira.

Tulipofika, Cucu alishuka akaketi kwenye jiwe, ameshika paji la uso. "Imeamka," akasema. Njue akaenda nyuma kumfungua kondoo. Kondoo akashuka, akatembea kwa ubavu, akapiga magoti kama anayetaka kuombewa, akaanguka, ulimi nje. Kina mama wakapiga kelele. Mchungaji akafunga mwavuli.

Tukamwacha alale kwenye hewa safi, tukimtazama. Baada ya muda akainua kichwa. Akasimama. Akaenda akala maua ya mke wa mchungaji, yote, hadi shina.

Mimi nilikuwa bado nimemtazama. Nikasikia sauti yangu ikitoka, tena kubwa kuliko nilivyopanga:

"Baba Antony. Huyu kondoo alikula kwa Misheck?"

Njue akaanza kukunja kamba. Nikauliza tena. "Ni swali tu. Alikuwa Nchiru lini? Alionjewa upande gani?"

"Pengine ni baridi," Njue akasema.

"Kondoo, na hilo koti lote la sufu?"

Cucu akasema kwa sauti ndogo, "Labda alitunusa."

Nimerudi Ishiara kwa gari la watu wengine. Nilikaa dirishani, kichwa nje kama mbuzi, mvua ikinipiga, na kila maili kichwa kilizidi kuwa chepesi. Antony alikula na hakupanda Pijo. Kondoo alipanda na hakula. Hata mtoto wa darasa la tatu angejumlisha hapo. Mimi ilinichukua wiki sita na mnyama.

Jumatatu, 24 Novemba

Njue hasemi nami. Anasema nimelitusi gari mbele ya mchungaji.

Jumanne, 25 Novemba

Bado.

Jumatano, 26 Novemba

Nimemwambia: fundi asipolifungua lile gari, nitapanda juu ya meza ya cherehani sokoni nisimulie habari za kondoo tangu mwanzo. Anajua nitafanya.

Alhamisi, 27 Novemba

Gitari, fundi wa magari, alikuja asubuhi. Akafungua boneti, akainama, akanusa. Akainuka, akamtazama Njue.

"Mzee, hii ni injini ama ni mzinga?"

Hapo ndipo siri ilipotoka. Pale bomba la ekzosi linapoungana na injini kuna gasketi, kipande chembamba cha kuziba ili moshi wote uende nyuma ya gari. Ya kwetu ilikuwa imeungua ikaliwa upande mmoja, ndiyo maana ya ile kelele ya kinu. Na mume wangu aliitibu kama anavyoutibu mzinga unaovuja: nta, majivu na samadi ya ng'ombe, akakanda, akabandika, akalainisha kwa kidole. Gari likiwa baridi, kimya kabisa. Likipata moto, nta ikayeyuka kidogo kidogo, moshi ukatoka, na hita ikauvuta moja kwa moja hadi kwenye pua zetu. Ile nta ikaupamba moshi kwa harufu ya asali, tukauvuta kwa raha.

"Na huu moshi unaua, Mzee," Gitari akasema, sasa hacheki. "Si kichwa kuuma tu. Mnafunga madirisha, mnalala, hamwamki. Mna bahati mlikuwa mnatapika."

Nilimkumbuka Nthiga alivyolala huko nyuma, mdomo wazi. Nikaenda nikafungua milango yote ya gari.

Njue akaichukua ile gasketi kutoka mkononi mwa Gitari. "Kwenye mzinga huwa inashika," akasema. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya wiki nzima, lakini sura yake ilinizuia. Nikampikia chai.

Jumatatu, 1 Desemba

Gasketi hakuna Ishiara, hakuna Embu. Antony ameipata mjini Meru, kwa Abdiqani, msafirishaji mwenye duka la vipuri. Abdiqani alimwuliza, "Ile ya zamani iliisha vipi?" Antony akamweleza. Inasemekana Abdiqani alimwita mkewe Leylo kutoka nyuma ya duka ili asimuliwe upya.

Jumatano, 3 Desemba

Basi limeleta gasketi. Bolti moja imekatikia ndani. Gitari anaitukana kwa Kiembu.

Ijumaa, 5 Desemba

Bolti imetoka. Gitari akakwangua masizi na nta mpaka chuma kikang'aa, akaweka gasketi mpya, akakaza bolti kidogo kidogo, hii kisha ile ya ng'ambo, ili isikae upande. Halafu akapaka povu la sabuni kwenye maungio, Njue akawasha gari, na mimi nikapewa kazi ya kuziba ekzosi huko nyuma kwa tambara. Povu likitoa viputo, inavuja. Halikutoa hata kimoja. Mimi ndiye niliyetoka na uso mweusi, na soko zima likaja kutazama.

Jumamosi, 6 Desemba

Nilisema sitaamini povu. Nikataka Cucu apande, madirisha yafungwe, hita iwashwe, tuzunguke.

"Hapa Ishiara?" Njue akauliza. "Na hili jua limetoka leo?"

"Hapa hapa."

Tukazunguka soko mara nyingi, sisi watatu ndani ya hilo tanuri, jasho likitiririka, watu wamesimama na vikapu vyao wakitutazama tunavyoiva. Gitari alikuwa akitutembelea dirishani kuhakikisha hatujalala. Aliposema basi, tukafungua milango tukamwagika nje. Nikamwuliza Cucu, "Kichwa?"

"Hakiumi."

"Tumbo?"

"Lina njaa."

Nilingoja aseme neno lingine la ujanja. Alikaa kwenye benchi la Gitari, leso yake imelowa, akatazama mikono yake. Kisha akasema, "Mama Antony, yule mwanamke wa Nchiru alinipa paja lote la kuku. Mwenyewe alibaki na shingo. Niliona." Akaanza kulia. Nimeolewa kwake miaka ishirini na sita, sijawahi kumwona akilia. Nikakaa naye, na hasira yangu yote, ambayo nilikuwa nimeitunza vizuri, ikaondoka.

Jumamosi, 13 Desemba

Nchiru. Hatukualikwa. Tulifika wale wale wanne, tukasimama langoni na mtungi wetu wa asali hadi Mzee Misheck alipotoka na kaka yake na wazee wengine. Nthiga akaanza hotuba, Misheck akamkatiza. "Muga," akatusalimu kwa Kimeru. "Semeni kile mmekuja kusema."

Njue akatoa ile gasketi iliyoungua kutoka kwenye gazeti, akaishika kwa mikono miwili, akaeleza yote. Nta, samadi, hita, kondoo. Hakujificha popote, na nilijivunia. Misheck akaipokea, akaigeuza, akampa kaka yake, kaka yake akainusa.

"Wacha niulize," Misheck akasema. "Haka kakitu ndio kalikuwa kanatapisha watu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na kondoo?"

"Na kondoo."

Misheck akaanza kucheka, wazee wakacheka, hata Gakii nilimwona mlangoni amejiziba mdomo. Nikafikiri yameisha. Lakini Mama Gakii alitoka jikoni na hakuwa akicheka.

"Mimi sijui mambo ya chuma," akasema. "Nimepikia hii kanisa tangu nikiwa msichana. Hiyo maneno yenu ilipofika, waliniambia Mama Gakii pumzika kidogo. Sasa wanaita mpishi kutoka Kianjai. Nikipeleka chai kwa mgonjwa, anasema niiweke, itapoa. Mnacheka gari. Hiyo gari imepata gasketi mpya. Mimi nitabadilishwa nini?"

Hakuna aliyecheka tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na sisi tuliyamwaga kwake. Nilifungua kinywa, lakini Cucu alinitangulia.

"Kesho kuna chakula kanisani?" akauliza.

"Kipo. Cha kina mama."

"Pika."

"Nani atakula?"

"Wewe pika," Cucu akasema.

Jumapili, 14 Desemba

Baada ya ibada sufuria mbili ziliwekwa chini ya hema: ya mpishi wa Kianjai na ya Mama Gakii. Foleni ilikuwa moja tu, na haikuwa yake. Alisimama nyuma ya sufuria yake, mwiko mkononi, ametazama mbele. Gakii alisimama kando yake. Antony akataka kwenda, nikamshika shati. Bwana harusi hahesabiwi, nilishafundishwa.

Cucu akavuka uwanja na fimbo yake. Aliongea Kimbeere, kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa kinyozi, na Kimbeere na Kimeru ni ndugu, kila mtu alielewa.

"Mimi ndiye nilisema. Hakuna mwingine. Niliugua kwa moshi wa gari la mwanangu, nikamwekea huyu mama lawama. Alinilisha vizuri nikamlipa na uongo. Kama kuna mtu ana swali, aniulize mimi, niko hapa." Akageuka. "Mama Gakii, nipakulie. Jaza."

Mama Gakii akajaza sahani. Kisha akachukua kijiko, akataka kuonja kwanza, kama ilivyo desturi. Cucu akamshika mkono.

"Usionje."

Akala akiwa amesimama, mbele ya watu wote, bila haraka. Akamaliza, akanyoosha sahani. Akaongezwa. Kwenye foleni ile nyingine Mzee Misheck akatoka, akaja akasimama nyuma yake. Kisha mchungaji. Kisha mama mmoja aliyebeba mtoto, na baada ya huyo sikuweza tena kuona mwisho wa foleni.

Misheck, akila, akamwambia Njue kwamba asali imepokelewa na harusi ni Aprili. Ana sharti moja tu: tuje na basi.

Sufuria ya Mama Gakii ikakwanguliwa hadi chini. Mpishi wa Kianjai mwenyewe alikula kwake. Watu walipotawanyika Mama Gakii alitazama ndani ya ile sufuria tupu, akaketi ghafla kwenye kiti, mwiko bado mkononi. Alikuwa amepakulia kanisa zima na yeye hakubakiwa na kitu. Cucu alikuwa bado hajamaliza sahani yake ya pili. Akamsogezea kiti chake, akaiweka sahani katikati yao.